Kuchelewa kwa Kesi Kuna Mwenyewe

Kesi ninazozishughulikia mjini Mombasa ni nadra kutajwa magazetini. Ni za mzigo uliolowa maji ndani ya kontena pale Kilindini, za wakala wa forodha anayedai ada yake, za mwenye malori aliyepeleka saruji hadi Voi na hajalipwa nauli, za benki na mteja wake, na za ndugu waliofungua kampuni pamoja na sasa hata salamu hawapeani. Nimewawakilisha wadai na nimewawakilisha wadaiwa, wakati mwingine asubuhi hiyo hiyo, katika vyumba viwili vinavyopakana. Nilipokuwa nikisoma sheria nilidhani uzito wa kazi hii ungekuwa katika vifungu na maamuzi ya zamani. Baada ya kuifanya kwa miaka kadhaa ndipo nilipoona kwamba katika mashauri mengi ya biashara hakuna anayebisha sana kuhusu deni lenyewe. Kinachogombaniwa ni muda, na anayeumiliki muda ndiye anayeshinda, hata hukumu ikimwendea mwenzake.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kukaa na mhasibu wa kampuni inayodaiwa shilingi milioni 8. Mhasibu huyo atakupigia hesabu iliyo wazi. Mkopo wa benki wa kiasi hicho una riba inayojilimbikiza, una dhamana, na benki haina subira. Kesi haihitaji dhamana. Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, jaji ana hiari ya kupanga kiwango cha riba, na hukumu isipotaja kiwango, riba ya kuanzia siku ya hukumu huchukuliwa kuwa asilimia 6 kwa mwaka. Ni benki gani ya Kenya itakayomkopesha mfanyabiashara wa kawaida kwa asilimia 6? Kwa hiyo mdaiwa mwenye akili za biashara, asiye na utetezi wowote wa maana, humwendea wakili na kumwomba jambo moja tu: amvutie miaka. Mahakama inakuwa benki yake ya bei nafuu, na anayemkopesha, bila kuulizwa, ni mdai.

Ninasema haya kwa sababu mijadala yetu kuhusu marekebisho ya haki za madai huzungumzia ucheleweshaji kana kwamba ni hali ya hewa. Tunataja uhaba wa majaji, uchache wa vyumba, bajeti ya Idara ya Mahakama, na yote hayo ni kweli. Lakini ukilichukua faili moja la biashara lililodumu mahakamani miaka mingi na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, utaona kwamba nyingi za tarehe zilizopotea ziliombwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni yule yule.

Asiyefika mahakamani mara kwa mara huenda asijue jinsi jambo hili linavyofanyika kwa adabu. Orodha ya mashauri ya siku inabandikwa, siku hizi inatumwa pia kwenye simu. Shauri linaitwa. Wakili wa mdaiwa hayupo, ila yupo kijana wa ofisi nyingine aliyepewa jina la kesi dakika kumi zilizopita. Anasimama, anainama, anasema wakili mwenzake ana rufaa Malindi na amemwomba amshikie nafasi. Wakili wa mdai, ambaye shahidi wake ameketi nyuma amevaa shati lililopigwa pasi, anapinga kwa maneno machache, maana anajua naye wiki ijayo atahitaji kushikiwa nafasi. Jaji anafungua shajara. Tarehe ya karibu ni ya miezi minne mbele, nayo ni ya kutajwa tu, si ya kusikilizwa. Yote hayo yamechukua muda mfupi kuliko wa kunywa kahawa chungu, na hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Yule shahidi anatoka nje akiuliza kama amekwisha kutoa ushahidi.

Ukiongeza juu ya hapo maombi ya kurekebisha utetezi, maombi chini ya hati ya dharura ambayo dharura yake huisha mara tu amri ya muda inapotolewa, na pingamizi za awali zisizo na mguu, mwaka umekwisha. Kuhusu pingamizi za awali, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kusema mwaka 1969, katika kesi ya Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors, kwamba pingamizi la namna hiyo ni hoja ya sheria tupu inayosimama bila kubishaniwa ukweli wowote, na Rais wa mahakama hiyo, Sir Charles Newbold, akaongeza kuwa tabia ya kuziibua ovyo huongeza gharama na kuvuruga masuala, na kwamba ikome. Hadi leo kila wakili wa Kenya huinukuu kesi hiyo, na wanaoinukuu kwa sauti kubwa zaidi ni wale wanaoleta pingamizi zilizokatazwa humo.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tunahitaji sheria mpya, huwa namuuliza ile iliyopo imemkosea nini. Utaratibu wetu wa kesi za madai ulitoka India. Sheria ya mwaka 1924 iliigwa kutoka ile ya India ya mwaka 1908, na kwa muda mrefu falsafa yake ilikuwa kwamba mawakili ndio waendeshao kesi, jaji akae asubiri aletewe. Uingereza yenyewe iliiacha falsafa hiyo baada ya ripoti ya jaji wao Lord Woolf ya mwaka 1996, na kanuni zilizoanza kutumika tarehe 26 Aprili 1999 zikampa jaji usukani wa ratiba. Sisi tulifuata miaka kumi baadaye. Mwaka 2009 Bunge liliingiza katika sheria yetu hiyo vifungu vya 1A na 1B, vinavyotaka kila shauri la madai liamuliwe kwa haki, kwa haraka, kwa gharama inayolingana na uzito wake na ambayo watu wanaimudu. Mwaka uliofuata Katiba ikaja na ibara ya 159, inayosema haki haitacheleweshwa na haitafungwa minyororo na taratibu zisizo za msingi, na ibara ya 48, inayoitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada basi isiwe kizuizi.

Kisha zikaja Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010, na hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Amri ya 3, yaani sehemu ya tatu ya kanuni hizo, ilimtaka mdai aonyeshe tangu mwanzo kesi yake ni ya njia gani: madai madogo, njia ya haraka, au njia ya mashauri mazito. Ya njia ya haraka ilitarajiwa kumalizika ndani ya siku 180 baada ya maelekezo ya kabla ya usikilizaji, na ya mashauri mazito ndani ya siku 240. Tukaanza kuandika kwa utiifu, juu ya hati ya madai, ni njia ipi. Nina mafaili kabatini yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ya njia ya haraka, na karatasi zake zimegeuka rangi ya chai. Kanuni ilitaja siku, lakini haikutaja nani atalipa siku hizo zikipita. Hilo ndilo tatizo lote, na hotuba nyingi kuhusu marekebisho, pamoja na mipango mikubwa ya Majaji Wakuu watatu waliofuatana tangu Willy Mutunga, hulipita kwa haraka.

Kitu pekee nilichokiona kikibadilisha mwenendo wa wadaiwa mjini hapa ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, ilikaa bila kutumika hadi mahakama ya kwanza ilipofunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na baadaye Mombasa nayo ikapata yake. Mwanzoni kiwango cha juu kilikuwa shilingi 200,000. Mwaka 2020 kikapandishwa hadi milioni 1, na hapo ndipo ilipopata maana kwa wafanyabiashara. Shauri linatakiwa lisikilizwe siku hiyo hiyo au siku baada ya siku hadi liishe, hukumu itolewe ndani ya siku 3 baada ya kusikilizwa, na yote yamalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria tu.

Mama mmoja anayeuza vitunguu na viazi kwa jumla pale Kongowea alikuja ofisini akiwa na mfuko wa karatasi wa sukari. Ndani mlikuwa na daftari la mraba na lundo la vikaratasi vya kupokelea bidhaa, kila kimoja na sahihi ya mtu wa stoo wa hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Hoteli ilikuwa imeacha kumlipa tangu msimu wa watalii uishe, na kila akipiga simu anaambiwa mhasibu yuko likizo. Deni lilikuwa chini ya milioni moja. Aliniuliza swali ambalo wateja wakubwa huchelewa kuliuliza: “Mwanangu, tuseme nimeshinda. Pesa naiona lini?” Miaka ya nyuma ningemjibu, “Mama, sijui,” na ningekuwa mkweli. Safari hii nilimwonyesha sheria na kumhesabia siku kwa kalenda ya ukutani.

Nilimsaidia kuandika madai, mengine akayasema mwenyewe. Mahakama hiyo haifungwi na ukali wote wa sheria za ushahidi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kama daftari lake lina muhuri. Aliulizwa kwa Kiswahili lini alipeleka gunia gani, akajibu akifuatisha kidole kwenye mistari. Mwakilishi wa hoteli alikuja na maombi ya kuahirisha. Akaambiwa ataje utetezi wake hapo hapo. Hakuwa nao. Walikubaliana kulipa kwa awamu kabla ya hukumu kuandikwa. Nilichojifunza katika kesi hiyo ni kwamba hoteli ile ilikuwa na pesa wakati wote. Ilikosa tu sababu ya kuzitoa.

Hata hivyo mahakama hii ina kasoro ambayo watetezi wake hatupaswi kuifunika. Siku 60 zikipita bila hukumu, nini kinatokea? Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana: wapo walioamua kwamba hukumu iliyotolewa nje ya muda ni batili kabisa, na wapo walioona kwamba muda huo ni wa kuisukuma mahakama, si wa kumwadhibu mwananchi. Mimi niko na hawa wa pili bila kusita. Ukiifuta hukumu kwa sababu mahakama ilichelewa, umemrudisha mdai asiye na kosa mwanzo wa foleni na umempa mdaiwa zawadi, na mdaiwa mjanja atahakikisha siku ya 61 inafika.

Juu ya milioni 1 hakuna kitu cha namna hiyo. Kati ya milioni 1 na milioni 20, ambao ndio upeo wa mahakama ya hakimu mkuu chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, ndiko kuliko biashara ya kweli ya mji huu: malori, shehena za mchele, mikataba ya ujenzi wa nyumba za Nyali na Mtwapa, madeni ya wauza vipuri. Madai ya shilingi 950,000 yanaweza kuamuliwa kwa miezi miwili, na ya shilingi 1,100,000 yakaingia katika utaratibu wa zamani. Nimewaona wateja wakisamehe sehemu ya deni lao makusudi ili waingie chini ya mstari. Hilo peke yake lingetosha kutuambia thamani ya kalenda inayoheshimiwa.

Upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani mwaka 2016 na baadaye ukafika huku pwani, nao una muda wake wa siku 60, na kwa kesi za ndugu wa kampuni moja sijui utaratibu uliouzidi. Yanayosemwa chumbani hayarudi kutumika mahakamani, kwa hiyo watu husema. Katika shauri moja la kaka wawili, mkubwa alimwambia mdogo, baada ya saa nyingi za kubishana kuhusu hisa, “Bwana wewe, hukuja hata kwenye hitima ya baba.” Hakuna hati ya kiapo ambayo ingeweza kubeba sentensi hiyo, na mapatano yalianza hapo. Lakini upatanishi haumfai mdaiwa asiyetaka kulipa. Yeye huuona kama miezi miwili ya ziada, huja, hutabasamu, na hukataa kila kitu. Mpatanishi anapaswa kuwa na namna ya kumwambia jaji, bila kufichua yaliyosemwa, kwamba upande fulani haukuja kwa nia njema, na gharama zifuate hapo.

Mambo mengine yamekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, na nitayapita haraka. Tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu samansi kupelekwa kwa barua pepe au WhatsApp, na mchezo wa kumkimbia mpeleka samansi umepungua. Kufungua mashauri kwa mtandao, kulikosambazwa nchi nzima mwaka 2024, kumeipunguzia makali ile kauli iliyotuzeesha sote, “faili halionekani.” Lugha bado ni kero: kifungu cha 86 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini lakini kinaifanya Mahakama Kuu kuwa ya Kiingereza, wakati Katiba inazitambua lugha zote mbili kuwa rasmi. Mfanyabiashara anayejadili mkataba wake kwa Kiswahili fasaha barazani hulazimika kuisikiliza kesi yake kupitia mkalimani, katika mji wake mwenyewe.

Na kuna mdaiwa mmoja ambaye marekebisho yote hayamgusi, naye ni serikali. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali kinazuia kukamatwa kwa mali yake, na ulinzi huo umezifikia kaunti pia. Mzabuni aliyewauzia dawa au viti huchukua cheti cha amri, yaani hati ya mahakama inayotaja kiasi anachopaswa kulipwa, kisha hufungua shauri jingine kuomba afisa husika aamriwe kulipa, kisha jingine la kudharau amri. Ni kesi tatu kwa deni moja lisilobishaniwa. Sioni sababu ya maana ya kuendelea hivi, na sijamsikia yeyote akiitetea isipokuwa wale wanaodaiwa.

Pendekezo langu, ambalo nimekuwa nikilipigia debe kila ninapopewa nafasi mbele ya kamati ya watumiaji wa mahakama, halihitaji ripoti ndefu. Anayeomba kuahirisha alipe gharama za siku hiyo kabla ya kusikilizwa tena, na kama sababu ni wakili, wakili ndiye alipe kutoka mfukoni mwake. Jaji tayari ana mamlaka hayo, anakosa mazoea tu. Asilimia 6 ifutwe, na mahali pake kiwekwe kiwango kinachofuata riba ya msingi ya Benki Kuu, chenye nyongeza ya kutosha kumfanya mdaiwa aone benki ni nafuu kuliko mahakama. Anayekata rufaa na kuomba utekelezaji usimamishwe aweke ile dhamana inayotakiwa na Amri ya 42 kwa pesa, katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili, wala si hati ya shamba ambalo hakuna ajuaye liko wapi. Na ile kalenda ya madai madogo ipandishwe hatua kwa hatua hadi mahakama za hakimu, si lazima siku 60, hata siku 180 zile zile tulizoziandika mwaka 2010 zingetosha.

Wenzangu wananipinga, na baadhi ya pingamizi zao si nyepesi. Wapo wanaosema mawakili watakosa riziki, kwa kuwa jedwali letu la malipo la mwaka 2014 hulipia pia kila hudhurio. Kwao najibu kwamba hiyo ndiyo kasoro ya jedwali, na kwamba mteja aliyelipwa deni lake ndani ya miezi sita hurudi na kesi nyingine. Wapo wanaoogopa kwamba haraka itamwonea mdaiwa wa kweli, mwenye duka aliyepitwa na ujumbe wa WhatsApp na kushtukia dalali wa mahakama yuko mlangoni akihesabu friji. Hofu hii ninaiheshimu. Ibara ya 50 ya Katiba, ya haki ya kusikilizwa, ni yake kama ilivyo ya mdai, na mlango wa kuiondoa hukumu iliyotolewa bila yeye kuwapo lazima ubaki wazi, ila aingie akiwa na utetezi mkononi na sehemu ya pesa mahakamani.

Katika ofisi yetu tumeanza kuandika, ndani ya barua ya kwanza kwa kila mteja anayedaiwa, kwamba hatutaomba kuahirisha bila sababu tunayoweza kuiapia. Baadhi yao wamesoma barua hiyo, wakachukua mafaili yao na kwenda kwingine. Siwalaumu, maana kwa hesabu ya sheria ilivyo leo bado inawalipa kusubiri.